Hadithi Yangu Ilinitangulia kwenye Usaili

Sehemu ya tisa

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita wasisumbuke, nitawafikisha haraka. Naitwa Hymavati, mkazi wa Hyderabad, mama wa mtoto mmoja wa kike. Kampuni niliyoitumikia tangu ujana wangu ilifungwa, tukaachishwa wote kwa ujumbe mmoja wa asubuhi. Mume wangu Sudhakar akapata sababu aliyokuwa akiitafuta kwa muda mrefu: turudi kwao Guntur, yeye akasimamie ghala la baridi la pilipili la baba yake, mimi nikasimamie jiko la mama yake, na Chinmayi wetu ahamishwe shule.

Tulibishana mpaka majirani wakatuzoea. Mwisho tukapatana. Nikipata kazi kabla ya muhula kwisha, tunabaki mjini. Nikikosa, tunafunga mizigo na sitasema neno.

Niliwaacha nikiwa kwenye geti la ile kampuni kubwa ya kompyuta kule Gachibowli. Jina lake silitaji, akili zangu bado ninazo. Usaili wa simu nilikuwa nimeshapita. Ilibaki siku ya mwisho, ile ya kukalishwa kwenye kiti kimoja na wasaili wakipishana mbele yako kutwa nzima.

Kazi yenyewe ni meneja wa programu. Baba mkwe amewahi kuniuliza ni kazi gani hiyo, nikamwambia ni mtu asiyeunda chochote kwa mkono wake, ila kila anayeunda humkimbia kwenye korido, kwa sababu ndiye anayeuliza itakwisha lini. Akasema hiyo kazi anaifanya tangu azaliwe na hajawahi kulipwa.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja, vinginevyo hamtaelewa nilivyochinjwa.

Usaili wa kampuni hizi si ule wa zamani wa kuulizwa una cheti gani. Wanataka hadithi. Nisimulie ulivyogombana na bosi. Nisimulie mambo yalivyokuharibikia na ulivyojikwamua. Na hadithi iwe yako, jambo ulilolifanya wewe. Mji mzima unajua hivyo, kwa hiyo watu hukaa na ndugu zao wiki nzima wakijaribishana, mmoja anauliza, mwingine anasimulia, kama watoto wanaocheza shule.

Mimi nilijaribishwa na wifi yangu, Swarupa.

Swarupa ni mdogo wake Sudhakar. Ana digrii ya uhandisi na uso wa bibi harusi. Alihamia kwetu baada ya mchumba wake wa Pune kuvunja uchumba, naye pia alikuwa hana kazi. Alituambia anasubiri jibu la benki fulani. Nilimpa chumba cha Chinmayi, nikamhamishia mtoto wangu sebuleni.

Alikuwa mwalimu mzuri, nimpe haki yake. Kila nikisimulia, ananikata.

"Wifi, fupisha," alikuwa akisema. "Hao watu wana haraka. Wape tatizo, wape ulichofanya, wape matokeo. Hayo mambo ya nani alivaa nini waachie mashoga zako."

Nikafupisha. Nikapunguza mpaka hadithi zangu zikabaki mifupa mitupu. Mimi nina stashahada tu, nikajiambia mwenye digrii anajua wakubwa wanapenda kusikia nini.

Basi siku ikafika. Nikavaa sari ya pamba ya rangi ya jivu, ile isiyosema chochote. Kijana mmoja wa mapokezi akanivika kitambulisho cha mgeni, akanipandisha kwa lifti mpaka chumba cha vioo.

Wa kwanza alikuwa kijana anayeitwa Karthikeya, ambaye angeweza kuwa mwanangu kama ningeolewa mapema. Aliniuliza ningewapangaje wahandisi wa miji mitatu wasiopatana. Nikamwambia ningeanza kwa kujua nani anamwogopa nani. Akacheka, akaandika.

Wa pili alitaka kujua ningefanyaje kama kazi ya miezi sita ikitakiwa kwa miezi mitatu. Nikamwambia ningeuliza ni kipande gani wateja wangelia kikikosekana, nianze na hicho. Naye akaandika.

Wa tatu alinipeleka kantini, akadai tupumzike tule. Hakuna kupumzika pale. Nilijua ananitazama ninavyoongea na wapishi. Nikala dosa yangu, nikamwuliza habari za watoto wake, na kabla hajamaliza mchuzi wake wa sambar alikuwa ananieleza jinsi bosi wake anavyomtesa. Nikajua huyo nimempata.

Wa nne sina la kusema juu yake. Alikuwa amechoka kuliko mimi.

Kufikia wa tano nilikuwa nimeshaanza kupanga akilini ningemwambia nini Sudhakar. Ningetulia. Ningesema tu, mizigo ifunguliwe.

Msaili wa mwisho hatoki kwenye idara inayoajiri. Humleta kutoka kwingine ili asimwonee mtu haya. Wengine wote wakikupenda, yeye akikukataa, umekataliwa. Wetu alikuwa mama wa makamo, Bi Nausheen, mtandio wa buluu kichwani, miwani ikining'inia kifuani. Alikaa, akaomba chai mbili, akaanza bila salamu ndefu.

Akaniambia nimsimulie wakati nilipozuia jambo ambalo wakubwa wangu walitaka liendelee.

Hiyo ndiyo hadithi yangu kubwa. Nimeibeba miaka yote kama mwanamke anavyoibeba dhahabu ya mama yake.

Nikamwambia. Tulikuwa tunawatengenezea watu wa mji mmoja mdogo mfumo wa kulipia maji. Waliouandika walikuwa wahandisi wa mbali. Kwao jina la mtu ndilo hutangulia. Kwetu Watelugu jina la ukoo ndilo huja mbele. Mfumo ukachukua lile la mbele, ukalifanya ndilo jina la mteja. Ukoo mzima ukawa mtu mmoja. Mjomba akilipa, shangazi anaonekana amelipa. Kijana mmoja asipolipa, babu yake, mama yake na binamu zake wote wanakatiwa maji siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyeona, kwa sababu walikuwa wakijaribu mfumo kwa majina yao wenyewe. Mimi niliona siku moja kabla ya uzinduzi. Bosi wangu akasema uzinduzi uko pale pale, mabango yameshatundikwa, tutarekebisha baadaye. Nikamruka bosi. Nikamfuata mteja mwenyewe, Bwana Narsimlu, aliyekuwa akisimamia maji ya mji huo. Akaahirisha uzinduzi. Tukarekebisha. Hakuna aliyekatiwa maji kwa kosa la binamu yake.

Tatizo, nilichofanya, matokeo. Vile vile nilivyofundishwa.

Wale wasaili wengine walikuwa wakigonga kompyuta zao muda wote nikiongea. Bi Nausheen hakuandika neno. Alikuwa ameifunga yake.

"Huyo mteja ulimpata wapi?" akauliza.

Nikasema nilimfuata alikokuwa.

"Alikuwa wapi?"

Hapo nikasita. Bwana Narsimlu alikuwa ameniomba habari ya jioni ile iishie pale pale, kwa sababu za kifamilia, nami nikamwahidi. Ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini ahadi niliyompa sikuona kama imekwisha kwa sababu hiyo. Nikajibu kwamba tulionana kwa faragha.

Bi Nausheen akasukuma kikombe chake pembeni.

"Dada, nitakuambia jambo ambalo kanuni zetu haziniruhusu kukuambia. Juzi, kwenye kiti hicho hicho, alikaa mtu akanisimulia habari hii. Yeye alisema umeme, wewe umesema maji. Mengine yote ni yale yale, mpaka hilo jina la ukoo."

Nikamwambia kama ni hivyo, basi huyo mtu ameniibia.

"Na yeye angekuwa amekuja wa pili, angesema hivyo hivyo."

Alivaa miwani yake, akanitazama kama daktari anayetafuta kidonda.

Akasema tofauti ni kwamba yule mwingine alijua mteja alikuwa wapi. Mteja alikuwa akimwoza binti yake. Huyo dada akaingia ukumbi wa harusi na nguo zake za kazini, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni, watu wa upande wa bwana harusi wakamdhania mpiga picha, wakaanza kujipanga mbele yake. Akapewa sahani ya wali wa ukwaju, akasimama nayo karibu na wapishi mpaka baba wa bibi harusi akapita. Akamvuta pembeni wakati wakwe wanapokelewa mlangoni. Wakwe wakanuna, shughuli ikachelewa, mzee akatia saini barua ya kuahirisha juu ya mgongo wa mpiga ngoma.

"Nilicheka mpaka nikafuta machozi," Bi Nausheen akasema. "Aliyefanya jambo hujua lilivyomtoa jasho. Yule alilijua jasho lake. Wewe umeniletea muhtasari."

Muhtasari. Wifi, fupisha.

Kisa cha mpiga picha sikumsimulia Swarupa. Sikumsimulia mama yangu. Sikumsimulia bosi wangu, ambaye mpaka leo anaamini Bwana Narsimlu aliahirisha kwa hiari yake. Nilimsimulia mtu mmoja tu duniani, mbele ya ukumbi ule ule, nikicheka na kulia kwa pamoja, harufu ya wali wa ukwaju bado mikononi mwangu.

Nikamwuliza Bi Nausheen swali moja. Nikamwuliza kama huyo dada alieleza amefikaje kule ukumbini.

"Kwa skuta," akasema. "Kaka yake alimpeleka, akamsubiri nje akila bajia za pilipili."

Kaka yake.

Nadhani nilicheka. Bi Nausheen anasema nilicheka, mimi sikumbuki.

"Mama," nikamwambia, "huyo kaka aliyekuwa akila bajia ni mume wangu. Amenioa mimi. Huyo uliyemsikiliza juzi ni wifi yangu, anakula kwangu, analala kwenye kitanda cha mwanangu."

Akavua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Kisha akauliza kama kuna mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, mmoja tu, awe hai na awe na simu. Bwana Narsimlu hayupo. Bosi wangu hakujua. Wapishi wa harusi hawamkumbuki mtu.

Nikamwambia yupo. Mume wangu.

Akatabasamu bila furaha. Akasema kila mwanamke ana mume wa kumsemea.

"Huyu si wa kunisemea," nikamwambia. "Upande huu ana ndoa, upande ule ana damu. Mwulize yeye. Hawezi kuegemea kokote bila kujiumiza."

Ndivyo nilivyoamini. Mtanisamehe.

Akaandika namba yangu. Akasema wasaili wote hukutana kesho yake asubuhi, kila mtu anasema ndiyo au hapana na sababu zake, na yeye hapendi kusema hapana ya uongo wala ndiyo ya uongo. Angepiga saa kumi na mbili jioni. Aliponisindikiza kwenye lifti aliniambia nisije nikamlazimisha mtu.

Nikapanda bajaji. Dereva alikuwa anataka kuzungumzia mvua. Nikamwacha azungumze.

Njiani nilijaribu kumtetea mume wangu, kwa kweli nilijaribu. Nilijiambia pengine walikuwa wanaongea tu kaka na dada, ikamponyoka. Nilijiambia pengine Swarupa alimdanganya ni hadithi ya kujifurahisha. Tulipofika karibu na soko la mboga nilikuwa nimeshaishiwa na utetezi. Nikashuka, nikanunua majani ya mchicha, maana hata ukichinjwa mtoto anakula jioni.

Niliwakuta sebuleni wote wawili. Chinmayi alikuwa amekwenda kwa mwalimu wake wa hesabu. Swarupa amekunja miguu kwenye kochi, anakula zile pesarattu, chapati za choroko nilizopika asubuhi. Sudhakar alikuwa amerudi mapema kutoka ofisini kwake, kitu ambacho hakijawahi kutokea hata siku niliyojifungua.

Akaniuliza usaili umekwendaje.

Sikukaa. Nikaweka mchicha juu ya meza, nikamwuliza Swarupa ile benki yake imejibu nini.

Akaacha kutafuna.

Kuna watu wakikamatwa hulia na kuna wanaokuja juu. Swarupa alianza kwa kulia, alipoona hakuna anayemletea maji, akaja juu. Akasema nisimtazame hivyo kama mwizi wa kuku. Akasema yeye ndiye mwenye digrii, yeye ndiye mwenye umri mdogo, na kazi ile ilikuwa ikija kwake kwa haki.

"Wewe wangekuchukua kwa lipi, wifi?" akaniambia. "Kwa stashahada yako ya chuo cha jioni? Nilikusaidia usijiaibishe."

"Ulinisaidia kufupisha," nikamwambia.

Akamtazama kaka yake.

Na hapo ndipo nilipomtazama mwanamume niliyezaa naye. Nilimwuliza taratibu, kama ninavyomwuliza Chinmayi akivunja kitu. Nilitaka kujua ni yeye aliyempa habari ya harusi au ilimponyoka.

Alisugua magoti yake. Alisema baba yake amekuwa akimpigia kila siku. Uchumba uliovunjika umeitia familia doa. Kuna watu wa Vijayawada wameanza kuulizia habari za Swarupa, ni watu wazuri, lakini wanataka binti mwenye kazi kwenye kampuni yenye jina. Akipata kazi hii, doa linafutika. Na sisi tungekwenda Guntur kama ilivyopangwa, kila mtu angekuwa mahali pake.

"Ilivyopangwa na nani?" nikauliza.

Alisema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta mahali pa kukaa.

"Wewe una hadithi nyingi, mama Chinmayi. Umefanya kazi miaka yote hiyo. Yeye hana hata moja. Nilidhani hutapungukiwa."

Alisema kwa upole kabisa. Kama mtu aliyegawa chapati.

Nikamkumbusha kwamba siku ile mbele ya ukumbi alinishika mabega, akaniambia hajawahi kuona mwanamke jasiri kama mimi. Akasema anakumbuka. Nikamwambia basi amemuuza yule mwanamke jasiri, si mwingine. Swarupa akadakia kwamba mimi napenda maneno makubwa. Nikamwambia anyamaze, amekwisha kula maneno yangu ya kutosha na pesarattu juu yake.

Akaiweka sahani chini.

Nikaeleza yaliyotokea kwa Bi Nausheen. Nilieleza yote, sikuficha kitu, maana mimi si mtu wa kuviziana ndani ya nyumba yangu. Nikasema simu itapigwa. Nikamwambia Sudhakar ataulizwa swali moja, nani alikuwa nyuma yake kwenye skuta jioni ile. Simwombi anitetee. Simwombi amtukane dada yake. Aseme alichokiona.

Swarupa alibadilika rangi. Akamwambia kaka yake kwamba akisema hivyo, amekwisha, jina lake litakwenda kwenye kila kampuni ya mji huu, na wale wa Vijayawada watasikia kabla ya Jumapili. Alimshika mkono. Alimwita kaka kwa sauti ya utotoni, ile ya kuomba kubebwa.

Sudhakar akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilimwona anavyoteseka na nikaingiwa na huruma, ndiyo, huruma, mimi mjinga. Kwetu mtu akitaka kuaminiwa huweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wake na kuapa. Nilimwambia Chinmayi akirudi aape hivyo.

"Mtoto tumwache," akasema. "Neno langu halikutoshi?"

Nikafikiria. Nikaona ana haki, mtoto haingii humu. Nikamwambia linatosha.

"Nitasema ukweli," akasema. "Inuka unawe uso. Umechoka."

Nikanawa uso. Nikachambua mchicha, nikabandika sufuria ya dengu, kwa sababu mikono yangu haijui kusubiri. Kutoka jikoni nilisikia wakinong'ona. Nikaacha wanong'one. Ukishampa mtu imani, huwezi kusimama mlangoni ukiichungulia.

Simu ilipolia mimi ndiye niliyeitoa mfukoni. Nilibonyeza sauti isikike sebule nzima, nikamsalimia Bi Nausheen, nikamwambia mume wangu yuko hapa na amekubali kuulizwa. Nikampa Sudhakar simu.

Aliishika kwa mikono miwili.

Bi Nausheen alimshukuru. Alimwambia hatamchelewesha. Akasema anataka kujua habari za jioni moja, kwenye ukumbi wa harusi ya binti wa Bwana Narsimlu, yeye akiwa nje na skuta.

Sudhakar akasema anaikumbuka jioni hiyo vizuri.

"Ulikuwa umempakia nani?"

Dengu zilianza kuchemka jikoni, kifuniko kikawa kinagongagonga. Swarupa alikuwa ameinama, ameficha uso kwenye mto wa kochi. Sudhakar hakunitazama. Alitazama mahali pa ukutani palipo na picha ya baba yake akiwa amesimama mbele ya ghala.

"Dada yangu," akasema. "Niliyempakia ni dada yangu Swarupa."

Swarupa akainua kichwa. Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi.

Kisha Bi Nausheen akauliza, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, mke wake alikuwa wapi jioni hiyo.

"Nyumbani," Sudhakar akasema. "Alikuwa anapika. Mke wangu hupenda kusikiliza habari za watu, mama. Pengine amesahau kwamba hakuwepo."

Mliokuwa mkiniandikia barua tangu sehemu ya kwanza kwamba mume wangu ni mtu mwema mwenye wazazi wagumu, haya, mmesikia wenyewe.

Sikulia. Sikumrukia. Nilisimama tu pale na kitambaa cha jikoni mkononi, nikajihisi nafutwa, kama ubao unaofutwa kuanzia pembeni kuja katikati. Harusi haikuwa yangu tena. Skuta haikuwa yangu. Hata aibu niliyoiona siku ile alikuwa ameipa mtu mwingine avae.

Bi Nausheen akamshukuru tena. Nikasikia anakunywa kitu, chai labda.

"Jambo la mwisho," akasema. "Tangu mchana nimekuwa nikitafuta namba ya mtu, na nimeipata. Bibi harusi wa siku ile anaishi hapa hapa mjini. Yuko na mimi kwenye simu hii, na anasikiliza tangu tulipoanza. Naomba umpe mkeo simu."

Nikaacha kitambaa, nikanyoosha mkono.

Sudhakar alikuwa ameikumbatia simu kifuani, kidole gumba kikitafuta pa kukata.